Mwali Mkubwa, Maji Vuguvugu

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya funzo, lakini sumu inayosimuliwa humu ni ya kweli.

Mama mmoja alikuwa na nyumba ya kulala wageni Munuki, jijini Juba. Dizeli ya jenereta ilimla faida, basi akanunua hita ya maji ya gesi, ile ya kutundikwa ukutani. Mtungi akauweka nje, hita akaifunga ndani ya bafu. Baada ya miezi kadhaa wageni wakaanza kunung'unika: maji ni vuguvugu.

Akaitwa fundi. Akafungua kifuniko, akaona mwali wa buluu, mfupi, umetulia.

"Mama, moto wako hauna nguvu. Ngoja niuchangamshe."

Akabana tundu la hewa kwenye shingo ya burna. Mwali ukarefuka, ukageuka njano, ukaanza kulamba mabomba ya shaba.

"Huo sasa ndio moto, mwanangu," mama akasema, akamlipa.

Hapo walipotea wote wawili. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Lita moja ya propani hutaka takribani lita 24 za hewa ili iungue yote. Butani hutaka takribani 31. Ikinyimwa hewa, kaboni yake haimaliziki kuungua. Nyingine hubaki masizi yanayong'aa kwa joto, na huo ndio unjano uliomfurahisha mama. Nyingine hutoka ikiwa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtungi ukivuja utanusa, kwa sababu gesi hutiwa harufu makusudi. Sumu hii haina wa kuitangaza.

Ugonjwa wa hita ulikuwa kwingine kabisa: chokaa ya maji ya kisima ilikuwa imejenga ukoko ndani ya mabomba, joto likashindwa kupenya. Mwali wa buluu haukuwa na kosa lolote.

Masizi yakaziba nafasi ambamo moshi hupandia, moshi ukarudi bafuni. Wageni wakaanza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu na kulegea miguu. Munuki, mwenye dalili hizo huambiwa malaria kabla hajapimwa. Wakameza dawa, wakatoka kwenda kazini, wakapata nafuu, wakaisifu dawa. Kumbe kilichowaponya ni hewa ya barabarani.

Jioni moja mgeni alifunga dirisha kwa kuogopa mbu, akakaa sana kwenye maji. Mlango ulipovunjwa alikuwa sakafuni, hajitambui. Wakambeba hadi uani penye upepo, kisha hospitali, akawekewa oksijeni kwa saa nyingi, kwa kuwa sumu hii huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Alipona. Si kila mtu hupona.

Funzo ni hili: ukubwa wa mwali si kipimo cha joto. Buluu iliyotulia ndiyo afya ya moto wa gesi. Njano na masizi ni moto unaokabwa koo. Ukinguruma na kuruka juu ya burna, hapo hewa au shinikizo limezidi. Maji yakipoa, fundi aanze kwa kuangalia ukoko, masizi, njia ya moshi na regulata. Tundu la hewa liguswe mwisho, kwa kufuata kitabu cha hita yenyewe. Na watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, kisha wakapona wakitoka nje, zima gesi, fungua madirisha, mwende hospitali mkaseme mna hita.

Hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje haina mahali bafuni, hata mwali wake uwe wa buluu kiasi gani. Kama yako imo humo, ihamishe kabla mtu mwingine hajaoga.