Miaka ya Mume na Miaka ya Mke

Watu wasomapo hadithi za kale za Waingereza juu ya uchumba, mara nyingi huanza kwa kuhesabu miaka. Wakiona mwanamume wa makamo amemposa mwanamwali, hutikisa kichwa; wakiona wawili wa rika moja, husema wamefaana. Sisi twaona ya kuwa hesabu hiyo, ingawa si ya upuuzi, haitoshi.

Tumtazame Jane Austen, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1775. Katika kitabu chake kiitwacho Emma, kilichotoka Desemba 1815, msichana mwenye jina hilo ana miaka ipatayo 21, na Bwana Knightley amempita kwa miaka 16. Amemjua tangu utoto wake, na humkaripia kama mjomba. Jambo hilo lachukiza kidogo, hatukatai. Lakini Emma ana mali yake mwenyewe, pauni 30,000, na nyumbani kwa baba yake ndiye mwenye amri. Amekwisha kusema waziwazi ya kuwa hana haja ya kuolewa. Basi Knightley amposapo, amposa mtu awezaye kumkataa asipungukiwe na kitu. Tena ni Knightley ahamaye kwake na kwenda kukaa kwa mkwewe, kwa kuwa Emma hawezi kumwacha baba yake.

Charlotte Lucas, katika Pride and Prejudice ya mwaka 1813, ana miaka 27, na kasisi Collins aliyemposa ana 25. Kwa hesabu ya miaka hakuna kasoro yo yote. Walakini Charlotte hana mali wala sura ya kusifiwa, na ndugu zake wa kiume wafurahi kwa kuwa hatazeeka mikononi mwao. Amkubali mtu amwonaye mpumbavu, ili apate nyumba. Hatumlaumu. Siku zile mwanamke wa cheo chake hakuwa na kazi ya heshima, ila kufundisha watoto katika nyumba za matajiri, nayo ilikuwa na unyonge mwingi.

Kwa hiyo swali la kwanza tungeliuliza hili: akikataa, atakula wapi?

Lakini mtu aweza kutujibu kwa habari za Dorothea, katika Middlemarch ya George Eliot, iliyotoka mwaka 1871 na 1872. Huyu hajatimiza miaka 20, na Bwana Casaubon amepita 45. Hakulazimishwa na mtu. Baba yake mdogo alimwonya, na fedha za kumtosha anazo. Hata hivyo ndoa ile ni gereza. Twakiri, hapa miaka ina neno lake: msichana alidhani mvi ni hekima, naye hakuwa ameishi vya kutosha kuzipambanua. Mumewe alipokufa, wosia wake ulimnyima mali yote akiolewa na kijana Ladislaw. Dorothea aliiacha mali ile akaolewa naye. Aliweza, kwa sababu alikuwa na zake.

Austen mwenyewe hakuwa na zake. Desemba 1802, akikaribia miaka 27, aliposwa na Harris Bigg-Wither, kijana wa miaka 21, mrithi wa shamba kubwa. Jioni alikubali, asubuhi yake akakataa, akaondoka nyumba ile. Baba yake alipofariki mwaka 1805, yeye na mama yake na dada yake waliishi kwa msaada wa ndugu zake wa kiume, hata mwaka 1809 mmoja wao, Edward, alipowapa nyumba kijijini Chawton. Humo ndimo alimokitengeneza upya kitabu chenye habari za Charlotte, naye hakuolewa kamwe.