Mwano na Jirani

Huku kwetu Ushetu, sungusungu walipoanza miaka ya 1980, aliyesikia mwano usiku akabaki kitandani alitozwa faini. Mwenye ng'ombe hakuulizwa kwanza kama zizi lake lilikuwa imara. Hayo yalikuwa maneno ya asubuhi.

Nalikumbuka hilo watu wanapoilaumu Poland ya 1939. Makosa ilikuwa nayo, na moja la aibu: Oktoba 1938, Hitler alipokuwa akiimega Chekoslovakia, nayo ilijinyakulia Zaolzie. Tena ilitandaza majeshi mipakani, yakazungukwa upesi. Lakini Uingereza na Ufaransa zilikwisha kuahidi! Septemba 3 zikatangaza vita; Wafaransa wakasogea kilomita chache, wakarudi. Septemba 17 Urusi nayo ikavamia, ikawahamishia Siberia watu wengi, na baadhi ya wajane na yatima wao wakafika Tengeru, Arusha, mwaka 1942. Makaburi yao yapo. Yatima yule alikosa nini, msomaji?

Mwaka 1978, Amin alipoingia Kagera, mpaka wetu ulikuwa na askari wachache mno, kosa letu wenyewe. OAU ilitaka tupatane. Msumbiji, maskini kama sisi na yenye vita yake, ilileta askari.