Mpira, Uganga na Kamari: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Migori

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi ana duka katika mji wa Migori, ametuletea barua ndefu. Asema kuwa alikuwa na kijana wa Kiislamu akimsaidia dukani, mwenye adabu na mwenye kusali. Kijana huyo alimpenda mno Mohamed Salah, yule Mmisri aliyepata jina kubwa katika klabu ya Liverpool, akawa hatoki nje ila amevaa jezi yenye jina lake mgongoni. Sababu ya mapenzi hayo, kwa maneno yake mwenyewe, ni kuwa Salah ni Muislamu, na akifunga goli husujudu mbele ya watu wote. Kisha ikadhihiri kuwa kijana amechukua fedha za mauzo ya siku tatu akaziweka katika kamari ya simu, kuwa Salah atafunga. Salah hakufunga, na fedha zikaenda. Ndugu yetu akamfukuza. Sasa anatuuliza mambo mawili: Je, mpira huu si haramu mzima, kwani ndio uliomharibu kijana? Na je, alifanya haki kumfukuza?

Masuala haya si ya Migori peke yake. Hapana nyumba Mombasa, Malindi wala Lamu isiyokuwa na kijana kama huyo. Kwa hivyo tumeona yafaa tuyajibu hapa, ili faida ienee.

Tuanze na asili ya jambo. Mchezo wa kuutia mwili nguvu si haramu. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), aliwashindanisha watu farasi, na siku ya Idi aliwaacha Mahabushia wacheze kwa mikuki yao ndani ya msikiti wake, na Bibi Aisha akiwatazama. Mwenye kusema kuwa kila mchezo ni upotevu amekuwa mkali kuliko yule aliyeletwa na sharia. Wala wazee wetu hawakuwa mbali na jambo hili. Katika miaka ya 1960 Mombasa ilikuwa na klabu zake, Feisal na Liverpool yetu wenyewe, na wengi katika waliokwenda kuzitazama walikuwa watu wa safu ya mbele msikitini. Basi mpira wenyewe tumeutoa katika mashitaka. Tutafute mkosaji mwengine.

Na tutafute huko huko aliko ndugu yetu. Klabu inayopendwa kuliko zote katika nchi ya Migori na Homa Bay ni Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968. Mwaka 1987 klabu hiyo ilifanya jambo ambalo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyolifanya: ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, likiitwa wakati huo Kombe la Nelson Mandela. Ilicheza na Espérance, Waarabu wa Tunis. Kule kwao walitoka 2-2, na Nairobi wakatoka 1-1, na Gor Mahia ikapewa kombe kwa hesabu ya magoli ya ugenini. Nahodha wake alikuwa Austin Oduor Origi, na mfungaji wake mkubwa alikuwa Peter Dawo.

Sasa tuulize: kombe lile lililetwa na nini? Lililetwa na miguu iliyozoezwa asubuhi na jioni, na watu 11 waliokubali amri ya mmoja, na subira ya kutovunjika moyo katika nchi ya watu. Hizo ndizo sababu. Mwenyezi Mungu ameuumba ulimwengu huu juu ya sababu na natija: mwenye kupanda huvuna, na mwenye kulala njaa humwamsha. Natija iko mikononi mwake Yeye, lakini ametuamrisha tuishike sababu. Mchezaji mashuhuri, tukimtazama kwa jicho la akili, ni mtu aliyeishika sababu vizuri kuliko wenzake. Hapo ndipo pa kumsifu, wala hapana aibu kumsifu kwa hilo.

Lakini watu wengi hawamsifu kwa hilo. Huona natija, na macho yao huruka sababu. Na lau ungetaka alama ya jambo hili usingeikosa hata katika jina la klabu yenyewe. Gor Mahia alikuwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Wazee wa huko husimulia kuwa aliweza kujigeuza sura mbele ya adui zake. Wachezaji waliotoka jasho wakapewa jina la mtu aliyesifiwa kwa miujiza! Hatusemi haya kuwatweza majirani zetu Wajaluo. Jina ni jina, na kila kabila ina haki ya kuwakumbuka wakuu wake. Twasema kwa kuwa katika kiwanja cha mpira habari za uganga hazikubaki kuwa jina. Mpira wa Afrika Mashariki mzima umejaa hadithi za timu isiyopita katika lango kuu, na dawa iliyozikwa nyuma ya goli, na mganga anayelipwa kabla mchezaji hajalipwa mshahara wake.

Na hapa, enyi ndugu zangu wa pwani, tusicheke. Sisi tunayo Qur'ani, na bado tunafanya yale yale kwa jina jengine. Ni nani asiyejua kuwa timu zetu pia hufungiwa hirizi? Ni nani asiyepata kusikia ya mwalimu aliyeitwa asome Halbadiri ili kipa wa timu ya pili ashikwe na kizunguzungu, au aandike kombe wachezaji wanywe? Mjaluo anayemwendea mganga wake hajui alilotujulisha Mwenyezi Mungu. Sisi tunajua, kisha tunayafanya maneno Yake kuwa dawa ya kuwafungia magoli jirani zetu. Yupi kati yetu aliye mbali zaidi na uwongofu?

Sasa turudi kwa kijana wa Migori. Yeye hakwenda kwa mganga. Bila ya shaka, lau ungemwambia aende, angelikasirika. Lakini alikwenda kwenye simu yake. Kampuni za kamari zimeingia katika mpira wetu kwa mlango wa mbele. SportPesa, iliyoanza mwaka 2014, iliwafadhili Gor Mahia na mahasimu wao AFC Leopards. Ikaandika jina lake kifuani mwa Everton ya Uingereza, na mwaka 2017 ikawaleta Everton hao hadi Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Kisha mwaka 2019, ilipokosana na Serikali ya Kenya juu ya leseni na kodi, ikaondoa ufadhili wake, na klabu zikabaki zikihangaika. Huyo ndiye rafiki wa kamari: hukaa nawe maadamu kuna cha kuchuma. Na wenye kampuni hawabahatishi hata kidogo. Wamekwisha hesabu faida yao kabla mpira haujapigwa. Anayebahatisha ni kijana wa dukani, na mwendesha bodaboda, na mjane aliyeweka karo ya mwanawe.

Mwenye kuizingatia Sura ya al-Maida ataona ajabu. Mwenyezi Mungu amekataza katika aya moja ulevi na kamari, na pamoja nazo ametaja masanamu na mishale ya kuagulia. Kwa nini kamari ikae pamoja na uaguzi? Kwa fahamu yetu sisi, ni kwa kuwa ugonjwa ni mmoja. Mwenda kwa mganga ataka natija pasi na sababu. Mcheza kamari naye ataka natija pasi na sababu. Wote wawili wameuacha mlango aliouweka Mola wao, wakapanda ukuta. Kijana wetu alidhani kuwa amemfuata Salah. La, hasha! Salah alifika alipofika kwa mazoezi tangu utotoni, akisafiri saa nyingi kutoka kijiji chake cha Nagrig hadi kiwanjani Cairo. Kijana alitaka kuvuna katika shamba la Salah, naye hakushika jembe. Mtu aliyempenda alikuwa ni hoja dhidi yake.

Limebaki jambo moja, nalo ni kipimo cha mapenzi. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye al-Adhbaa, ambaye hakupata kupitwa mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake mchanga akampita. Masahaba wakahuzunika mno. Ngamia wa Mtume kushindwa na ngamia wa bedui! Mtume alipoona huzuni nyusoni mwao aliwafunza kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakitukuki kitu katika dunia hii ila Yeye hukishusha. Tazameni hikima hii. Hakuwakemea kwa kumpenda mshindi, wala hakutafuta aliyemroga ngamia wake, wala hakudai mbio zirudiwe. Aliwafundisha kushindwa.

Nani atakayekanusha maneno haya, naye anakaa Migori? Katika kaunti hiyo hiyo, huko Awendo penye kiwanda cha sukari, ilikuwako timu ya SoNy Sugar. Mwaka 2006 ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya nzima. Timu ya mji mdogo wa miwa iliwapita wakubwa wote wa Nairobi. Mapema mwaka 2020 timu hiyo hiyo iliondolewa katika ligi kwa kuwa ilishindwa mara 3 kufika kiwanjani kucheza, kwani fedha hazikuwako. Hapana uchawi hapo. Fedha zilipokauka, timu nayo ilikauka. Ilitukuka kwa sababu, ikashuka kwa sababu. Basi mtu afunge moyo wake wote katika kitu kama hicho?

Na moyo ukifungwa humo, madhara yake si machozi peke yake. Tarehe 23 Oktoba 2010 Gor Mahia na AFC Leopards walikutana katika uwanja wa Nyayo, Nairobi. Watu walisukumana langoni kwa pupa ya kuingia, na roho 7 zikapotea kwa kukanyagwa. Walikwenda kutazama mchezo, wakarudishwa kwao kuzikwa. Hapana goli hata moja katika historia ya mpira lenye thamani ya roho moja katika hizo saba.

Tarehe 1 Juni 2019, katika mji wa Madrid, Liverpool ilitwaa Kombe la Ulaya kwa magoli 2. La kwanza lilifungwa na Salah, na la pili na Divock Origi, mzaliwa wa Ubelgiji, mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Kenya, na mtoto wa ndugu yake yule nahodha wa 1987. Hapana shaka Migori na Homa Bay walifurahi, na Waislamu wakafurahi, kila mmoja kwa goli lake. Furaha hiyo ni halali. Lakini asubuhi yake, aliyefurahi alikuwa na nini mkononi? Kama alipata himaya ya kufanya bidii katika kazi yake, amefaidika. Kama alipata jezi na deni tu, amekula hasara.

Wako wachezaji wanaofaa kufuatwa, na kufuatwa kwao si kuvaa jezi zao. Frédéric Kanouté, Muislamu wa asili ya Mali, mwaka 2006 hakutaka kuvaa jezi ya klabu yake ya Sevilla kwa kuwa ilikuwa na tangazo la kamari. Na mwaka 2007 alitoa zaidi ya euro 500,000 ili Waislamu wa mji huo wasipoteze msikiti wao. Sadio Mané wa Senegal aliwajengea watu wa kijiji chake cha Bambali shule na hospitali. Basi anayesema nampenda Mané, tutamuuliza: wewe umewajengea nini watu wa mtaa wako?

Sasa jawabu kwa ndugu yetu wa Migori. Mpira si haramu. Kamari ni haramu, na uganga ni haramu, nao ni ndugu wa tumbo moja. Ama kumfukuza kijana, sharia inakupa haki ya kudai mali yako. Lakini twakuuliza kwa mapenzi: kabla ya siku ile, ulipata hata mara moja kukaa naye ukamuuliza kwa nini anampenda Salah? Kampuni ya kamari ilimjua anampenda nani. Wewe, mwajiri wake na jirani yake katika safu ya sala, hukujua. Na sisi wenye madarsa tumo katika lawama hiyo hiyo. Tumewaachia vijana jambo wanalolipenda kuliko yote, tukasema si letu, na wengine wakalichukua wakalifanyia biashara.

Mwite arudi. Mkatie katika mshahara kidogo kidogo mpaka fedha zako zitimie, ili ajifunze kuwa mali huja kwa sababu zake. Jioni, baada ya Alasiri, mwache aende kiwanjani akacheze kwa miguu yake mwenyewe, na ukiweza nenda ukamtazame. Akishinda, mpongeze. Akishindwa, mkumbushe habari ya al-Adhbaa, kisha rudini pamoja kwa sala ya Magharibi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kunakotoka taufiki.