Madaraka Huhama Kabla ya Hati
Mwaka 1973 Soichiro Honda, fundi aliyeanzisha nchini Japani mwaka 1948 kampuni ya pikipiki, na baadaye magari, yenye jina lake, aling'atuka pamoja na Takeo Fujisawa, mshirika aliyeshika fedha na mauzo, wakamwachia urais wa kampuni Kiyoshi Kawashima, mhandisi wa miaka 45 aliyekuwa na Honda tangu 1947. Kung'atuka huko kulitanguliwa na mgogoro wa kiufundi wenye uzito kuliko hafla yoyote ya kuagana: Honda aling'ang'ania injini inayopozwa kwa hewa, yaani isiyo na rejeta wala maji ya kuzungushwa, ilhali wahandisi vijana walishikilia kwamba bila maji joto lisingedhibitika kiasi cha kupunguza moshi wenye sumu, naye, alipotakiwa na Fujisawa achague kuwa rais au kuwa mhandisi, alichagua urais na kuwaachia vijana njia yao. Injini yao ya CVCC, iliyotangazwa mwaka 1972, ilikidhi masharti ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970, ambayo makampuni makubwa ya magari ya Detroit yalidai hayatekelezeki kwa wakati. Hapo ndipo madaraka yalipohama, na hati ya kukabidhi urais mwaka uliofuata (kama hati zifanyavyo mara nyingi) ilithibitisha tu lililokwisha kutendeka. Mwana wa Honda, Hirotoshi, hakurithi kiti cha urais, bali mwaka huohuo wa 1973 alishiriki kuanzisha Mugen, kampuni ya injini za mashindano.