Deni la Mwenye Mbwa

Swali nilitakalo kulijadili hapa ni hili: je, mtu afugaye mnyama huwajibika kwa yule mmoja aliye mkononi mwake tu, au huwajibika pia kwa wale watakaozaliwa naye? Sioni haja ya kulitafutia swali hili mfano wa mbali. Nitalitazama katika mbwa, na mbwa wenyewe ni wale wa Mabira, katika wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, nchi ya vilima na migomba iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka ilipogawanywa mwaka 2012.

Mbwa katika nchi hiyo si pambo la nyumba. Usiku hulinda mbuzi na kahawa iliyoanikwa uani. Mchana hufukuza ngedere na nguruwe mwitu wasiharibu mahindi na maharage. Ujira wake ni makombo, na pengine mfupa. Mapatano haya hayakuandikwa mahali, lakini ni mapatano: mmoja hutoa macho na meno yake, mwingine hutoa chakula na kivuli. Kwa hiyo haifai mtu kusema kuwa mbwa ni mnyama wa porini aliyejikaribisha mwenyewe. Tulimwita, akaja; tukamzoeza kututegemea, akasahau kujitegemea.

Basi na tuhesabu. Mbwa jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi. Aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila uzao ukawa na watoto wanne, sita au zaidi. Nyumba yenye mbuzi wachache haihitaji walinzi kumi. Wawili watapata majirani wa kuwachukua, je, waliobaki? Hapa ndipo dhamiri hutafuta njia ya uchochoroni. Mwenye mbwa hawaui, kwa kuwa kuua kwamtia uchungu. Wala hawalei, kwa kuwa kulea kwamtia gharama. Huwatia kikapuni, akawabwaga karibu na soko au kando ya barabara, kisha hurudi nyumbani akijiambia kuwa amewaachia Mungu. Lakini kiumbe asiyejua kutafuta riziki, aliyetengwa na mama yake na kuachwa njiani, ameachiwa njaa, magurudumu na mawe ya watoto. Aliyemtupa ameupokeza mkono mwingine kazi ya kuua. Hakuiondoa kazi yenyewe. Naona tendo hili lina ubaya zaidi ya kuua waziwazi, maana auaye hukiri alitendalo, na atupaye hulitenda huku akijihesabu kuwa mtu wa huruma.

Wachache wanaobahatika kuishi huwa mbwa koko, na hapo deni la mtu mmoja hugeuka kuwa la kijiji kizima. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinga kwa aliyeumwa imekuwapo tangu Louis Pasteur alipoijaribu kwa mtoto mmoja huko Ufaransa mwaka 1885. Lakini kinga hiyo yataka jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, na sindano zirudiwe kwa siku kadhaa. Na dalili zikishatokea, kupona ni kwa nadra mno. Mtoto wa mkulima aliye mbali na hospitali hulipa kwa uhai wake deni ambalo hakulikopa.

Wala madhara hayakomi kwa binadamu. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaitwayo distempa yaliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliyahusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Kyerwa nayo imekuwa na hifadhi ya taifa, Ibanda-Kyerwa, tangu mwaka 2019. Mbwa asiye na mwenyewe hajui mpaka wa kijiji na hifadhi.

Wako wasemao kuwa dawa ni risasi na sumu. Mwaka 1910 watawala wa Istanbul waliwakusanya mbwa wa mitaani kwa maelfu, wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, nao wakafa kwa njaa na kiu. Karne moja baadaye mji ule ulikuwa bado una mbwa wa mitaani. Sababu yake ni nyepesi: maadamu jalala lipo na majike yaliyosalia yanazaa, nafasi ya waliouawa hujazwa. Tena muuaji hachagui. Humwondoa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa. Kisiwa cha Pemba kilishika njia nyingine, nacho kwa kuchanja mbwa kiliukata ugonjwa mwaka 2014. Uliporudi kutoka nje, ukakatwa tena mwaka 2018. Kanuni ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Lakini chanjo nayo huvuja pale ambapo uzazi hauna kipimo, kwa sababu kila uzao mpya huleta wasiochanjwa, na hesabu ya 70 hushuka kabla mwaka haujaisha. Hivyo kuhasi madume na kuwafunga majike kizazi ni mwenzi wa chanjo.

Hapo huja pingamizi kwamba kumkata mnyama ni kuingilia maumbile. Pingamizi hili ningeliheshimu zaidi kama lingetolewa pia zizini. Mfugaji wa Kagera humhasi fahali akawa maksai, na humhasi beberu ili anenepe, wala hapana anayeuliza habari za maumbile. Kumbe maumbile hukumbukwa pale tu ambapo faida si yetu. Mbwa jike alazwaye kwa dawa ya usingizi huumwa siku chache. Jike azaaye mara mbili kwa mwaka akiwa na njaa, na kunyang'anywa watoto kila mara, huumwa maisha yake yote. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni umaskini. Daktari wa mifugo ni mmoja kwa watu wengi, na gharama ya upasuaji kwa mkulima si ndogo. Nakubali, wala haki haimdai mtu asichoweza. Lakini aweza kumfungia jike ndani siku za joto lake. Aweza, pamoja na majirani, kuiomba serikali ya kijiji siku ya chanjo iwe pia siku ya kuhasi. Na yule atakaye mlinzi mpya aweza kumtwaa mtoto wa mbwa wa jirani, au yule aliyetupwa njiani, kabla ya kununua mwingine au kumwacha jike wake azae tena. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza; lakini sheria haiwezi kulala katika kila ua, na dhamiri yaweza.

Waislamu husimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na Wakristo hufundishwa kuwa mwadilifu huujali uhai wa mnyama wake. Mafundisho haya ni ya huruma kwa aliyekwisha kuja duniani, nayo ni mema. Nasema tu kwamba hayatoshelezi swali letu. Huruma inayongoja mtoto azaliwe ndipo ilie naye, hali ilikuwa na uwezo wa kumzuilia dhiki hiyo, imechelewa. Basi jibu langu ni kuwa mwenye mbwa huwajibika kwa watakaozaliwa naye, kwa sababu uwezo wa kuamua kama watazaliwa uko mikononi mwake, wala haumo katika mikono ya mbwa. Palipo na uwezo huo, pana deni. Na deni hilo hulipwa kwa urahisi zaidi kabla ya mimba kuliko baada ya kikapu kutupwa.