TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Huruma inayolipa



Jana baada ya tarawehe ndugu mmoja kaniuliza. Nairobi, kwenye foleni ya magari, kamuona kijana ameshika vitoto viwili vya mbwa juani, anavinadi kwa madereva. Akavihurumia. Je, angevinunua ili kuviokoa, angepata thawabu?

Huruma ina malipo, hilo halina shaka. Yule aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa kwa kiatu chake alisamehewa. Lakini tazama: alimpa mbwa maji, hakumpa pesa aliyemtia kiu. Ukilipia viwili leo, kesho vinaletwa vitatu. Sisi wenye huruma ndio wateja wake wazuri.

Na nyuma ya kijana yuko mzalishaji tusiyemuona. Mbwa jike amefungiwa, anazalishwa mfululizo, vitoto vinatolewa ziwani mapema kwa kuwa kidogo ndicho kinachovutia. Chanjo hakuna. Kikipata parvo kinaharisha damu na kufa kwa siku chache, na wewe hujui pa kumrudia muuzaji.

Kwa madhhabu yetu ya Shafi, mbwa hauzwi kabisa, ingawa kumfuga kwa uwindaji au kulinda mifugo na shamba kumeruhusiwa. Wengine wakisikia hivyo husema, basi hayatuhusu. Yanatuhusu sana! Idi inakaribia, watoto wanadai paka wa manyoya na sungura, na biashara ni ileile. Wanazuoni wetu wamekataza kuuza kitoto cha mnyama mbali na mama yake kabla hakijaweza kuishi bila maziwa yake. Na Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda yarudishwe kwa ndege aliyekuwa akihangaika.

England walifika karibu na hapo kwa sheria, Aprili 2020. Kitoto cha mbwa au paka cha chini ya miezi 6 hakiuzwi tena na dalali wala duka. Unakwenda kwa mzalishaji mwenyewe, ukione pamoja na mama yake kilipozaliwa. Sheria imepewa jina la Lucy, mbwa jike aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalishia.

Nikamwambia ndugu yetu: usinunue. Wape maji, kisha wapigie simu KSPCA. Akaniuliza, na vile viwili vikifa kabla hawajafika? Ni kweli, huenda vikafa, na hilo linauma. Bado namwambia asilipe.

Mtoto akitaka paka, sokoni wamejaa wasio na mwenyewe. Chukueni mmoja, mpelekeni kwa daktari wa mifugo achanjwe.

Kesho in shaa Allah, zakatul-fitri.