Sanda ya Maneno: Kuzika Wafu kwa Kalamu



Wapendwa vijana, Novemba ni mwezi wa marehemu wetu. Tunawaombea walio toharani, tunakwenda makaburini, tunapalilia majani, tunawasha mishumaa. Tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza tunajua kwamba katika matendo saba ya huruma ya kimwili, mojawapo ni kuzika wafu. Sasa hebu tujiulize: yule asiye na kaburi la kutembelea afanye nini? Yule ambaye ndugu zake walikufa wakati wa vita, porini au barabarani, na hata mifupa yao haijulikani iko wapi? Baadhi yenu mnaosoma hapa mna watu wa namna hiyo katika ukoo wenu. Swali hili kwenu si la darasani.

Leo napenda tumwangalie mwanamke mmoja aliyepata jibu lake kwa kalamu. Anaitwa Scholastique Mukasonga. Alizaliwa mwaka 1956 katika eneo la Gikongoro, kusini mwa Rwanda, katika familia ya Kitutsi. Akiwa bado mtoto mdogo, mwaka 1960, familia yake pamoja na Watutsi wengine wengi walihamishwa kwa nguvu hadi Nyamata, huko Bugesera, nchi kavu isiyo na rutuba. Utoto wake wote ulikuwa hivyo: askari wanaingia nyumbani wakati wowote, watu wanapigwa, watu wanatoweka. Alifaulu akaenda kusoma Kigali, katika shule ya Kikatoliki ya wasichana ya Notre-Dame de Cîteaux, kisha akasomea ustawi wa jamii Butare. Mwaka 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa mashuleni, naye akakimbilia Burundi. Baadaye alihamia Ufaransa, mwaka 1992.

Miaka miwili tu baada ya hapo, 1994, yakaja mauaji ya kimbari. Familia yake iliyobaki Nyamata ikauawa, mama yake akiwemo. Yeye alikuwa mbali, ng'ambo, na kazi yake ya ustawi wa jamii. Ilimchukua miaka kumi kupata nguvu ya kurudi kuona palipokuwa nyumbani. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2006.

Katika kitabu chake cha pili, cha mwaka 2008, anasimulia juu ya mama yake, Stefania. Huyu mama aliwausia binti zake kwamba siku akifa, waufunike mwili wake kwa kitenge, kwa sababu haifai watu kuuona mwili wa mama ukiwa wazi. Ni wosia mdogo, si ndiyo? Binti yeyote angeutimiza. Lakini mama alipokufa, hakukuwa na binti wa kumfunika. Basi Mukasonga anamfumia mama yake sanda kwa maneno, ukurasa baada ya ukurasa. Hicho kitabu ndicho kitenge.

Vijana wenzangu, hapo mimi nasikia Biblia.

Namsikia Tobiti. Yuko uhamishoni Ninawi, ameandaliwa chakula kizuri cha sikukuu, anaambiwa kuna ndugu yao ameuawa na kutupwa sokoni. Tobiti anaacha chakula kabla hata ya kukionja, anakwenda kuuchukua mwili, anausubirisha hadi jua lizame, anauzika. Majirani wanamcheka: huyu hajakoma tu? Juzi alinyang'anywa mali na kukimbia kwa kosa hilihili, leo anarudia! (Tob 1:16-20, 2:1-8). Lakini baadaye Malaika Rafaeli anamfunulia kwamba kule kuzika kote kulikuwa kunaonekana mbinguni (Tob 12:12-13).

Namsikia pia Rispa, mwanamke ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia akihubiriwa. Wanawe wawili waliuawa kwa sababu za kisiasa na miili ikaachwa mlimani. Rispa hakuwa na jeshi wala cheo. Alichukua gunia, akalitandika mwambani, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama. Hatimaye habari zikamfikia mfalme Daudi, naye akaamuru mifupa ikusanywe na kuzikwa kwa heshima. Na Maandiko yanasema ni baada ya hapo Mungu aliposikia maombi ya ile nchi (2 Sam 21:8-14). Yaani nchi nzima ilikuwa inaomba, lakini kulikuwa na wafu mlimani ambao hakuna aliyetaka kuwatazama.

Ndiyo maana haitoshi kumwambia aliyekulia vitani, "Yaliyopita si ndwele." Methali hiyo ni nzuri kwa ugomvi wa majirani. Haiwezi kuwa jiwe la kufunikia kaburi ambalo halijachimbwa. Mungu mwenyewe hakumwambia Kaini asahau. Alimuuliza ndugu yake yuko wapi (Mwa 4:9).

Je, riwaya si uongo?

Kuna kijana anaweza kusema: sawa, kumbukumbu naelewa, lakini hadithi ya kutunga je? Si tunaongeza uongo?

Kumbuka nabii Nathani. Alipotumwa kwa Daudi hakuanza na mashtaka. Alisimulia hadithi ya maskini mwenye kondoo mmoja na tajiri aliyemnyang'anya. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu, kisha akaambiwa mtu huyo ni yeye (2 Sam 12:1-7). Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano. Mwana mpotevu hana cheti cha kuzaliwa, lakini ni nani kati yetu hajawahi kujiona ndani yake?

Mukasonga alifanya vivyo hivyo mwaka 2012, katika riwaya yake *Notre-Dame du Nil*, iliyopata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa. Ni shule ya bweni ya Kikatoliki ya wasichana, juu milimani, karibu na chanzo cha mto Nile, penye sanamu ya Bikira Maria mweusi. Wasichana wanasali, wanaimba, wanafundishwa adabu. Lakini msichana mmoja, Gloriosa, anaona pua ya ile sanamu ni pua ya Kitutsi, anataka ibadilishwe. Anakwenda na mwenzake, wanarudi wamejaa matope, na ili kujiokoa na adhabu anatunga kwamba wamevamiwa na maadui. Uongo mmoja wa mwanafunzi! Uongo ule unakua, unazaa sifa, unazaa chuki, mwisho unazaa damu. Ndiyo maana Yesu alimwita shetani muuaji na baba wa uongo kwa pumzi moja (Yn 8:44).

Inatuuma, kwa sababu ni shule yetu. Rozari ipo, Misa ipo, na chuki ipo vilevile. Tusikimbie maumivu hayo. Huko Nyamata kwenyewe, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani mwaka 1994 waliuawa humohumo kanisani. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watoto wake katika mauaji yale. Kama Papa hakuona haya kulisema, sisi tunaogopa nini?

Lakini katika riwaya hiyohiyo yumo Immaculée, ambaye hakuwa Mtutsi. Wauaji wanapofika shuleni, anamficha mwenzake Virginia, na Virginia anaishi. Mwandishi angeweza kumwacha nje ili hasira yetu iwe kali zaidi. Hakumwacha.

Kwako wewe unayeandika

Najua wapo kati yenu wanaoandika. Hamna mchapishaji, hamna mhariri. Mnaandika kwenye daftari au kwenye simu usiku, mkitunga hadithi kutokana na mliyoyaona mkiwa wadogo. Labda mmeambiwa mnapoteza muda. Nawaomba mshike mambo matatu.

Kwanza, andika ukweli hata unapotunga. Badilisha majina, badilisha kijiji, lakini usimpunguzie mtu wako dhambi kwa sababu ni wa kabila lako, wala usimwongezee adui dhambi asiyoitenda.

Pili, muweke Immaculée wako. Kama kulikuwa na jirani aliyekupa maji, aliyefungua mlango, mwandike. Ni haki yake.

Tatu, usiandike ukiwa peke yako na jeraha. Lipeleke kwanza mbele ya Ekaristi, zungumza na padre au mtu mzima unayemwamini. Ukiona mkono unatetemeka na usingizi unakukimbia, pumzika. Mukasonga mwenyewe alingoja miaka. Sanda haifumwi kwa siku moja.

Na kama wewe si mwandishi, kuwa msikilizaji. Huenda bibi yako ana majina ambayo hajawahi kuyataja kwa sauti. Mwulize kwa upole. Yaandike majina hayo, uyapeleke kwenye Misa ya marehemu.

Yesu alipofufuka hakuficha madonda yake. Alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu (Yn 20:27). Madonda yalikuwepo, lakini hayakuwa yakidai kisasi. Salamu yake ilikuwa amani. Hadithi zetu nazo zifike hapo: jeraha lionekane, na anayelionyesha awe amebeba amani.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyezikwa katika kaburi la kuazima, uwakumbuke wote waliokufa bila sanda wala jeneza. Uwape raha ya milele. Uwape vijana wako ujasiri wa kusema kweli na moyo usiojua chuki. Ee Maria, uliyesimama chini ya msalaba, utuombee. Amina.